Maswali ya Wasomaji: Miezi 5 Karakanani na Bado Sijachomelea

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni kujifunza ufundi wa kuchomelea na kuunda vyuma. Anayezijibu alianza kama mwanagenzi Gerezani, Kariakoo, kisha akaendesha karakana yake mwenyewe na kuwapokea vijana wa kuwafundisha.

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 20, nimemaliza kidato cha nne. Wazazi wangu walinipeleka kwa fundi wa mageti na grili hapa Morogoro, wakamlipa ada ya kunifundisha, na tukakubaliana kwa mdomo kwamba nitakaa naye miaka 2. Huu ni mwezi wa 5. Kazi zangu ni kufagia, kubeba mabomba, kukata, kupiga tupa, kupaka rangi na kushikilia vipande yeye anapochomelea. Mashine nimeigusa mara 2 tu, tena alipokuwa ametoka, na aliporudi alinifokea mbele ya wateja. Wenzangu mtaani wananiambia kwamba nimegeuzwa kibarua wa bure. Je, nihame?
*Mwanagenzi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina maswali mawili yaliyosukwa pamoja, na inafaa tuyafumue kabla ya kuamua chochote. La kwanza ni kama kazi unazofanya sasa ni sehemu ya ufundi au ni utumishi tu. La pili ni kama fundi wako anatimiza alichoahidi alipopokea fedha za wazazi wako. Majibu yangu kwa maswali hayo hayafanani.

Kwa la kwanza, wenzako wa mtaani wamekosea, isipokuwa kuhusu ufagio, ambao hata hivyo kila aliyepita karakanani aliushika. Kuchomelea ni sehemu ndogo sana ya muda wa kutengeneza geti. Sehemu kubwa ni kupima, kuweka alama, kukata, kusawazisha kingo, kupanga vipande vikae mahali pake na kuvishikiza kwa vidonge vidogo vya moto kabla ya kumalizia, na ukikosea hatua yoyote kati ya hizo, mshono mzuri hautakuokoa.

Chukua mfano wa grili ndogo ya dirisha, yenye upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 90, iliyo na nguzo 2 za pembeni na 2 za kati, zote za bomba la mraba la milimita 25. Mwanagenzi ambaye hajazoea ataandika vipande 2 vya sm 120 na vipande 4 vya sm 90, ajumlishe, aone imetimia mita 6 kamili, ambao ndio urefu wa bomba alilonunua, kisha afurahi kwamba hakuna kitakachobaki. Hapo ana makosa mawili. Kwanza, nguzo zinakaa katikati ya bomba la juu na la chini, kwa hiyo kila nguzo inapaswa kuwa na sm 85, la sivyo grili itatoka na kimo cha sm 95 na haitaingia dirishani. Pili, jiwe la kukatia nalo linakula. Jiwe lenye unene wa milimita 3 likikata mara 5 limekula sentimita 1.5, na kipande cha mwisho kitatoka na sm 88.5 badala ya 90. Aliyeandika sm 85 anatumia sm 580 za bomba, anaondoa na zile zilizoliwa na jiwe, na bado ana kipande cha sentimita 18 hivi cha kutengenezea bawaba au cha kufanyia mazoezi.

Sasa vipande vimekatwa, vimepangwa juu ya meza na vimeshikizwa kwenye kona. Kabla ya kumalizia mishono, fundi mzuri huvuta tepu kutoka kona hadi kona, mara mbili, kwa msalaba. Kwa fremu ya sm 120 kwa sm 90, kila ulalo unapaswa kusoma sm 150 kamili. Ukigawa vipimo vyote kwa 30 utaona ile pembetatu ya 3, 4 na 5 uliyoisoma shuleni, na hapa ndipo inapofanya kazi ya kuuza. Upande wa juu ukisogea pembeni kwa sentimita 1 tu, ulalo mmoja utasoma karibu sm 150.8 na mwingine karibu sm 149.2. Skwea ndogo ya mkononi inaweza isikuonyeshe kasoro hiyo, lakini mteja ataiona siku grili itakapowekwa, kwa kuwa upande mmoja utabaki na nafasi ya kupitisha kidole. Tiba yake, wakati fremu bado imeshikizwa tu, ni kuigonga kwa nyundo kwenye kona ya ulalo mrefu mpaka namba mbili zilingane. Ukishamaliza kuchomelea, tiba ni kukata upya.

Ninalijua hilo kwa gharama. Geti la kwanza nililoachiwa nilichomelee mwenyewe lilikuwa na mishono ambayo hata leo nisingeionea haya, lakini nilikuwa nimemaliza upande mmoja wote kabla ya kugusa wa pili. Chuma kikipata moto hutanuka, na mshono unapopoa hunywea na kuvuta chuma upande wake. Geti lile lilijikunja kama jani la mgomba juani. Tulilipeleka kwa mteja, likakataa kufunga, likarudi juu ya mkokoteni, na bosi wangu akaniweka kwenye kukata na kupanga kwa miezi mingine 3. Wakati ule nilimwona katili. Alichotaka nijifunze ni kuruka: kuchomelea kidogo kona hii, kuhamia kona ya mkabala, kisha kurudi, ili mivutano isaidiane badala ya kwenda upande mmoja.

Kwa hiyo unapomshikilia fundi wako vipande, usiangalie mtaa. Usiangalie moto pia, isipokuwa kupitia kioo chenye giza linalofaa. Tazama anaanzia kona gani, anarukia ipi, na anapima ulalo mara ngapi. Kama hapimi kabisa, hiyo nayo ni habari muhimu kuhusu karakana uliyopelekwa.

Kwa swali la pili, hata hivyo, ninakuunga mkono. Mwezi wa 5 ni mbali mno kwa mwanagenzi aliyelipiwa ada kuwa hajawahi kupewa mashine rasmi, hata kwenye chuma chakavu. Kwa kipimo changu, kijana mwenye akili timamu na mkono usiotetemeka anapaswa kuwa amewasha rodi yake ya kwanza, yaani kile kijiti cha chuma chenye ganda kinachoyeyuka na kuwa mshono, chini ya macho ya fundi, kabla ya mwezi wa 3 kwisha. Si kwenye kazi ya mteja, bali kwenye vipande. Fundi wako alikuwa na haki ya kukufokea kwa kugusa mashine yeye hayupo, maana ungeweza kujiumiza au kuharibu kazi, lakini hana haki ya kukunyima mafunzo ambayo ameyapokelea malipo.

Usihame bado. Mwendee asubuhi kabla ya wateja kufika, ukiwa na mzazi au mlezi mmoja kama inawezekana, na umwombe mambo mnayoweza kuyaandika kwenye karatasi moja: muda wa mafunzo utaisha lini, utafundishwa nini na kwa mpangilio gani, saa za kazi, nani analipa nauli na chakula, nani analipa matibabu ukiumia, na kuanzia mwezi gani utapata chochote kwa kazi unazozalisha. Hili si jambo la ajabu wala si la kumdhalilisha fundi. Mwezi Juni 2023 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi, ambao ni wa Shirika la Kazi Duniani, ulipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora, ambalo linahimiza mkataba wa maandishi, malipo yanayostahili, saa zenye kikomo na usalama kazini. Pendekezo hilo halimfungi fundi wa Morogoro kama sheria, lakini linaonyesha kwamba unachokiomba ni cha kawaida. Fundi akikataa kabisa hata kuzungumza, hapo ndipo neno la kuhama linapokuwa na maana, na wazazi wako wadai sehemu ya ada iliyobaki.

Ombi la pili liwe la mazoezi. Umeme na rodi ni gharama, na hofu kubwa ya mafundi wengi ni kwamba mwanagenzi atamaliza pakiti nzima bila kuzalisha kitu. Mwambie kwamba utanunua pakiti yako mwenyewe ya rodi za milimita 2.5, zile zinazoitwa geji 12 madukani, na kwamba unaomba nusu saa baada ya kufunga kazi, yeye akiwepo. Utaona pakiti imeandikwa E6013. Tarakimu 60 zinaeleza nguvu ya mshono, yaani pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. 1 inaeleza kwamba rodi hiyo hutumika katika mikao yote, wima na hata juu ya kichwa. Na ile 3 ya mwisho inahusu aina ya ganda na umeme unaoifaa. Anza na kipande cha bati nene la milimita 5 au 6 lililosafishwa kutu, weka mashine kati ya ampia 70 na 90, na upige mistari iliyonyooka tu, bila kuunga chochote. Nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma iwe sawa na unene wa rodi yenyewe. Ukiwa mbali, moto unarukaruka na kutema. Ukiwa karibu mno, rodi inanasa. Ukipatia, utasikia mlio wa samaki anayekaangwa kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa, na sauti hiyo ukishaizoea utaifuata zaidi kuliko macho.

Kitu kigumu kwa mwanafunzi ni kutofautisha chuma kilichoyeyuka na uchafu wa ganda unaoelea juu yake, ambao ukipoa tunaugonga kwa nyundo. Chuma kilichoyeyuka hung'aa na kutulia kama kidimbwi, na uchafu hufuata nyuma yake. Uchafu ukitangulia mbele, mwendo wako ni wa polepole mno au rodi umeilaza vibaya, na utaufukia ndani ya mshono. Baada ya wiki chache za mistari, chomelea vipande 2 kwa umbo la T, upande mmoja tu, kisha kimoja kibane kwenye jiliwa na kile kilichosimama ukigonge kwa nyundo kuelekea upande wa mshono mpaka uvunjike. Utazame ndani. Matundu kama ya mkate, madoa meusi, au kona ambayo haikuyeyuka kabisa, yote yatakuwa wazi mbele yako bila fundi kukuambia. Mpelekee fundi wako kile kipande kilichovunjika na umwulize kosa liko wapi. Sijawahi kumwona fundi anayekataa kujibu swali la namna hiyo.

Bomba jembamba la milimita 1.5, ambalo ndilo linalotumika kwenye grili nyingi, liache kwa baadaye. Ni jepesi kutobolewa, na linamkatisha tamaa anayeanza.

Ninaandika kama mzazi. Kijana wangu wa miaka 17 anajifunza kuchomelea hapa Mwanza. Mara kwa mara anarudi nyumbani jioni akiwa mzima, kisha usiku wa manane anaamka akilia kwamba macho yana mchanga. Fundi wake anasema ni kawaida, ajiwekee vipande vya kiazi mbichi, na kila siku awanunulie maziwa wenzake na yeye anywe ili kuondoa moshi kifuani. Je, ni kweli?
*Mama, Mwanza*

Mama, fundi huyo amesema kweli kwamba jambo hilo hutokea mara nyingi, lakini si kweli kwamba ni la kawaida kwa maana ya kuvumiliwa.

Mwanga wa kuchomelea una miale mikali isiyoonekana, ya jamii ile ile inayounguza ngozi juani, na miale hiyo huunguza ngozi laini ya mbele ya jicho. Maumivu hayaji palepale. Huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi zikishapita saa 6 hadi 12, na ndiyo maana kijana anakula chakula cha jioni vizuri na kuamka usiku akihisi mchanga, machozi yakimtoka na taa ikimchoma. Kwa kawaida hupona ndani ya siku 1 au 2 akipumzika gizani, asiposugua macho. Kiazi kinapooza kwa sababu ni cha baridi, kama ambavyo kitambaa safi chenye maji baridi kingepooza. Tofauti ni kwamba kiazi kilichokatwa kwa kisu cha jikoni kinaweza kupeleka vijidudu kwenye jicho ambalo tayari lina kidonda. Maumivu yakizidi siku 2, au kuona kukififia, au akihisi kitu kimeganda jichoni, apelekwe hospitali, kwa kuwa inawezekana ni chembe ya chuma kutoka kwenye grenda. Wala asinunue matone ya kuua maumivu na kujiwekea kila usiku, maana hayo huchelewesha jicho kupona na kuficha hatari.

Swali la kumwuliza kijana wako ni anaunguaje. Nina hakika ya karibu kabisa kwamba haungui akiwa anachomelea mwenyewe. Anaungua akiwa anashikilia kipande huku fundi akichomelea, yeye akijaribu kufumba macho au kuangalia pembeni. Kofia ya kuchomelea huwa ni moja, na huivaa fundi. Miwani ya jua haitoshi hapo. Kwa rodi za milimita 2.5 na 3.2, kioo kinachofaa ni cha namba 10 au 11, na anayeshikilia anahitaji kioo chake sawa na anayechomelea. Ukiweza kumnunulia kitu kimoja, mnunulie hicho, pamoja na shati la pamba zito la mikono mirefu. Vitambaa vya nailoni huyeyuka na kugandia mwilini vikipigwa na cheche.

Kuhusu maziwa, ni chakula kizuri na kijana anyweshwe kwa sababu hiyo. Hayaendi kwenye mapafu, na hayasafishi moshi. Kinachosaidia ni hewa: kuchomelea nje au mahali palipo wazi pande mbili, kukaa upande unaotokea upepo, na kutoinamisha kichwa juu ya moshi unaopanda. Bomba lililopakwa zinki, lile jeupe linalong'aa, likichomelewa hutoa moshi mweupe ambao humpa mtu homa na kutetemeka saa chache baadaye, mdomo ukiwa na ladha ya chuma, na wengi hudhani ni malaria. Zinki hiyo iondolewe kwanza sentimita kadhaa kila upande wa kiungio, na anayeisaga avae barakoa inayofaa. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hilo halina maana kwamba kila mchomeleaji ataugua, lakini lina maana kwamba maneno ya "sisi tumezoea" hayatoshi.

Umri wake pia una uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Inaacha nafasi kwa mafunzo, ila kwa masharti kwamba afya na usalama wake vinalindwa kikamilifu na kwamba amepewa maelekezo ya kutosha. Vipande vya kiazi si ulinzi kamili. Mwambie fundi hivyo kwa heshima, wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Nina ombi moja zaidi, na hili sitaki lisubiri. Mwambie kijana wako kwamba akiambiwa achomelee pipa au tangi lililowahi kubeba petroli, dizeli au mafuta yoyote, akatae hata kama litaonekana kavu na limekaa wazi mwezi mzima. Mvuke uliobaki ndani ya mikunjo hulipuka. Afadhali afukuzwe siku hiyo.

Mimi ni fundi wa miaka 11 hapa Tanga, sina cheti chochote. Niliposikia habari za bomba la mafuta linalokuja Chongoleani nilipeleka maombi, nikaulizwa cheti na nikaulizwa kama nina "6G". Nilidhani wananitania. Nianzie wapi kwa umri wangu?
*Fundi, Tanga*

Hawakukutania, ndugu yangu. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Kila kiungio chake kinakaguliwa, na mkandarasi hawezi kuajiri mtu kwa sababu mageti yake mtaani yanapendwa.

Namba hizo hueleza mkao wa kazi wakati wa mtihani. Kwa mabati mazito, 1G ni kuchomelea juu ya meza, 2G ni mshono wa mlalo kwenye bati lililosimama, 3G ni mshono wa wima, na 4G ni juu ya kichwa. Kwa mabomba kuna 5G, ambapo bomba limelala na haliruhusiwi kuzungushwa, na 6G, ambapo bomba limefungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 na wewe ndiye unayelizunguka. Katika mshono mmoja wa 6G unapita mikao yote, na ndiyo maana anayeufaulu huruhusiwa mikao mingine. Baadaye mshono hukatwa vipande na kukunjwa, au hupigwa picha ya mionzi, na hapo ndipo mafundi wengi wazoefu huanguka, kwa kuwa mshono wa kwanza wa ndani kabisa haukupenya au umeacha uchafu.

Anza na cheti. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi aliyejifunzia kazini hupimwa kwa maswali na kwa vitendo, huelekezwa pale anapopungukiwa, na akifaulu hupewa cheti kinacholingana na uwezo wake. Nenda kwenye chuo cha VETA kilicho karibu nawe ukaulize awamu ijayo ni lini, ukiwa na picha za kazi zako na maelezo ya wateja wawili watatu wa kuaminika. Miaka yako 11 haitakuwa imepotea, ila ujiandae kuulizwa mambo ambayo mkono wako unayajua na mdomo haujawahi kuyasema, kama vile kwa nini rodi za E7018 lazima zikaushwe na kutunzwa kwenye tanuri dogo. Jibu ni kwamba unyevu huingiza haidrojeni ndani ya mshono, nao hupasuka baada ya kupoa, pengine wewe ukiwa umeshaondoka.

Baada ya hapo tafuta mafunzo ya 3G kabla ya kukimbilia 6G. Mtu aliyezoea mabomba ya milimita 1.5 ana mkono mwepesi na wa haraka. Bati nene linataka utulivu wa aina nyingine kabisa, na ninakuonya kwamba wiki ya kwanza utajiona kama mwanagenzi tena. Jambo jingine ambalo watu hawaelezwi ni kwamba sifa hizi zina uhai. Katika kanuni zinazotumika sana kwenye mabomba na mitungi ya shinikizo, mchomeleaji akikaa miezi 6 bila kutumia njia ile aliyofaulia, sifa yake hukoma na lazima apimwe tena. Kwa hiyo usitumie akiba yako yote kwa mtihani mmoja ukiwa huna mahali pa kuendelea kuchomelea. Umri wako si kizuizi. Macho ndiyo ya kupima kwanza. Kama unasogeza simu mbali ili usome, weka lenzi ya kukuza ndani ya kofia.

Nina karakana Dodoma. Nimefundisha vijana 6, na 4 wameondoka mara tu walipojua kuchomelea, mmoja akiwa na wateja wangu. Sasa sitaki tena kufundisha kila kitu. Nakosea?
*Fundi mwenye machungu, Dodoma*

Pole, mwenzangu. Ila ukimfundisha nusu, ataondoka vile vile, na tofauti ni kwamba atakuwa ameharibu kazi zako kwanza.

Nilichokifanya mimi, baada ya kupoteza wawili, ni kugawa muda. Sehemu ya kwanza ya mafunzo nilimpa kijana nauli na chakula. Akianza kukata na kupanga bila kusimamiwa, nilimpa kiasi kwa kila fremu. Na miezi 6 ya mwisho, alipokuwa anachomelea kazi za wateja, nilimlipa karibu na bei ya fundi, kwa maandishi yaliyosainiwa tangu siku ya kwanza mbele ya mzazi wake. Vijana wengi huondoka kwa sababu siku wanapojua kuchomelea bado wanalipwa kama siku waliyokuwa wanafagia.

Wa mwisho wangu alifungua karakana mtaa wa pili. Sikufurahi, sitadanganya. Lakini hana mashine ya kukunjia bomba, na kila akipata geti lenye maua huja kuikodi kwangu, huitumia, huifuta vumbi na kulipa kabla hajaondoka.